Barua ya Wazi kwa Wenye Funguo za Stoo: Mkono wa Gitaa Utolewe Kabla Kasha Halijafungwa

Kwa wachungaji na mapadre, wazee wa kanisa, kamati za vijana na za kwaya, na walimu wakuu wa Kiriaini na Mathioya nzima.



Gitaa la umeme linaponunuliwa na kanisa, bei yake haifichiki. Majina ya waliochanga kwenye harambee husomwa, kikundi cha akina mama hupigiwa makofi, pesa za bonasi ya majani chai hutajwa, na chombo chenyewe huombewa mbele ya ushirika kabla hakijapigwa. Likinunuliwa na shule, wazazi huelezwa mkutanoni. Lakini ukiuliza miezi michache baadaye ni nani hulifunga ndani ya kasha baada ya ibada, na hulilaza wapi, utatumwa kwa mtu ambaye naye atakutuma kwa mwingine.

Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu na haiendi kwa wapigaji. Wapigaji ni vijana. Wanajifunza, wanamaliza kidato cha nne, wanashuka Thika na Nairobi kutafuta kazi, na wadogo wao wanashika nafasi. Gitaa linabaki, na ninyi mnabaki nalo. Ombi ni moja: mkono wa tremolo utolewe kila mara kabla kasha halijafungwa, na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye kazi hiyo ni yake. Ni ombi linaloonekana dogo. Sababu zake si ndogo.

Mkono unaozungumziwa ni ile fimbo ya chuma iliyopinda, yenye urefu wa karibu sentimita 15, inayotokeza karibu na kiganja cha kulia cha mpigaji. Akiukandamiza, sauti inashuka, akiuachia, inarudi, akiutikisa taratibu, noti inatetemeka kama sauti ya mwimbaji aliyejawa na hisia. Mtambo huu ulienea duniani kwa njia ya Stratocaster, gitaa ambalo Leo Fender na mafundi wake wa Fullerton, California, walilitoa mwaka 1954. Hataza ya mtambo ikafuata mwaka 1956. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa katika maduka ya vyombo vya muziki katikati ya Nairobi, yale yenye pembe mbili na vinasa sauti vitatu, yamefuata mfano huohuo chini ya majina mbalimbali. Kwa hiyo gitaa lililo katika stoo yenu lina nafasi kubwa ya kuwa la aina hii, hata kama hakuna aliyewahi kulitazama mgongoni.

Inafaa litazamwe. Nyuma kuna kifuniko cha plastiki kilichoshikwa kwa skrubu ndogo, na chini yake kuna springi, kwa kawaida tatu hadi tano, zilizonyooshwa ndani ya tundu la mbao. Kwa mbele nyuzi sita zinavuta daraja, kile kipande cha chuma zinapoegemea, upande mmoja. Kwa nyuma springi zinalivuta upande wa pili. Seti nyembamba, ile inayoanza na uzi wa unene wa inchi 0.009, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 38 inapokazwa kwa sauti ya kawaida. Daraja limesimama katikati ya mivutano hiyo miwili, na gitaa linakaa kwenye sauti yake kwa sababu pande zote zinalingana. Mkono umeingizwa kwa hesi ndani ya bonge la chuma lililo chini ya daraja. Ukiugusa mkono, umegusa mizani yote.

Sasa mtu anafunga kasha. Ibada imeisha, amplifaya imezimwa, watu wanasalimiana nje, na kijana ana haraka. Gitaa linaingia, mkono ungali mahali pake, umesimama juu ya nyuzi. Kifuniko kinashuka na kukutana nao. Kijana anaona kasha linakataa, analikandamiza kwa goti, vibanio vinashika. Kuanzia dakika hiyo kifuniko kinafanya kazi ya mkono wa mpigaji, bila kuachia, hadi Jumatano ya mazoezi au Jumapili inayofuata. Daraja limeinama mbele, nyuzi zimelegea, springi zimevutwa kupita zinavyotakiwa kukaa. Gitaa likitolewa halina sauti yoyote inayoeleweka. Mpigaji anakaza nyuzi upya, na wazee wanasema gitaa hili halikai kwenye sauti, labda tulidanganywa dukani.

Hawakudanganywa. Limelazwa vibaya.

Na huko kulegea ndiyo hasara nyepesi. Kifuniko kikiugonga mkono kwa upande, fimbo inapinda. Ikipinda, mafundi wengi wasio wa muziki hujaribu kuinyoosha ikiwa bado ndani ya tundu lake, na hapo hesi zinang'oka. Mbaya zaidi ni mkono unaokatika pale unapoingia, kipande kikabaki ndani ya bonge la chuma. Kukitoa kunahitaji drili ndogo, mtu mwenye mkono mtulivu, na mara nyingi kuvua nyuzi na springi zote. Kazi hiyo si ya kila fundi wa jua kali, hata awe hodari wa kuchomelea mageti.

Wenye kasha gumu angalau wana ukuta. Magitaa mengi ya makanisa na shule hayana. Yana begi la kitambaa lenye sponji nyembamba, lile linalotolewa bure dukani. Ndani ya begi la aina hiyo mkono hausubiri kifuniko. Kila kinacholiegemea begi kinauegemea mkono: gunia la viazi kwenye buti ya matatu ya Othaya, magoti ya abiria, spika iliyowekwa juu yake ndani ya stoo. Mkono ni mrefu na bonge la chuma ni dogo, kwa hiyo nguvu ndogo ya nje inafika ndani ikiwa imekuzwa, na inachokula kwanza ni hesi na skrubu zinazoshika daraja kwenye mbao.

Viwanda vyenyewe vinalijua jambo hili. Gitaa jipya la namna hii kwa kawaida husafirishwa mkono ukiwa umetolewa, umewekwa katika kifuko kidogo pamoja na funguo za kurekebishia. Waliolitengeneza hawakuthubutu kulifungia pamoja na mkono wake kwa safari ya kutoka kiwandani hadi dukani. Haieleweki kwa nini kanisa lililolinunua kwa jasho lithubutu kila Jumapili.

Kuna sababu nyingine ya hapa kwetu, na mtu wa Garissa asingeihitaji kwa kiasi hiki. Kiriaini imekaa kwenye miteremko ya Aberdare, katika ukanda wa chai. Mvua ndefu za Machi hadi Mei, ukungu na baridi ya Julai, kisha mvua za Oktoba hadi Desemba: chai inastawi kwa unyevu uleule unaokula chuma. Nyuzi za gitaa la umeme ni chuma kilichopakwa nikeli, na springi, skrubu na mkono ni chuma pia. Mkono ukiachwa ndani ya tundu lake miezi mitatu ya mvua, chuma kwa chuma, kutu inaanza kuviunganisha. Siku mtu atakapotaka kuutoa ataukuta haugeuki, atashika koleo, na habari ya mkono uliokatika itaanza. Mkono unaotolewa kila wiki haupati nafasi ya kushikana. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye hesi, mara chache kwa mwaka, linatosha.

Stoo zenyewe zinachangia. Vestri nyingi zina sakafu ya saruji na paa la mabati. Mchana joto, usiku baridi, na alfajiri matone yanaonekana chini ya bati. Kasha lililolazwa juu ya saruji tupu linavuta unyevu kutoka chini, kitambaa cha ndani kinaota ukungu, na harufu hiyo haitoki. Ubao mmoja au mbao mbili za kuliinua kutoka sakafuni, na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, vinabadilisha mengi. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba vinafyonza unyevu vizuri. Badala ya kuvitupa, kwaya inaweza kuvikusanya na kuviweka ndani ya kasha, na kuvibadilisha vinapochoka. Kitambaa kikavu cha pamba cha kufuta jasho kwenye nyuzi kabla ya kufunga kina thamani kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

Uzi uliooza kwa kutu unakatika, na kwenye gitaa lenye daraja linaloelea hasara haiishii kwenye uzi mmoja. Ukikatika, mvutano wa mbele umepungua, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote kwa pamoja nje ya sauti. Katikati ya wimbo wa sadaka hakuna mpigaji anayeweza kuliokoa jambo hilo. Kwa sababu hiyohiyo nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, bila kuvua zote kwa mkupuo, na gitaa linapolazwa halihitaji kulegezwa nyuzi zake. Mizani iachwe kama ilivyo. Kinachotoka ni mkono peke yake.

Namna ya kuutoa ni rahisi, lakini lazima aonyeshwe kila anayeshika gitaa. Kwenye mtindo wa Fender mkono huzungushwa kinyume cha saa hadi unatoka. Baadhi ya magitaa yana kispringi kidogo sana ndani ya tundu, cha kuuzuia mkono usilegee; ukiligeuza gitaa kifudifudi kinaweza kudondoka na kupotea kwenye zulia, kwa hiyo kitafutwe kabla ya kufagia. Kuurudisha huanza kwa vidole viwili, taratibu. Ukikataa, usilazimishwe, kwa maana hesi zimepishana. Mtambo wa Floyd Rose, uliopata hataza mwaka 1979 na unaoonekana kwenye magitaa ya wapenda roki, mara nyingi una pete ya kulegeza au mkono wa kuchomoa tu. Ule wa Bigsby, mzito na wa zamani zaidi, haukusudiwi kutolewa. Mkono wake unazungushwa nyuma hadi ulale nje ya njia ya kifuniko. Mwenye stoo hahitaji kuwa mwanamuziki ili ajue ni upi alionao. Dakika moja na mpigaji wake inatosha.

Ukishatoka, mkono usitupwe ovyo ndani ya kasha. Fimbo ya chuma inayozunguka huru juu ya gitaa wakati matatu inapiga kona za kuelekea Murang'a itachuna rangi na kugonga vinasa sauti. Makasha mengi magumu yana kisanduku kidogo chini ya shingo ya gitaa. Begi lina mfuko wa mbele. Ufungwe kwa kitambaa, uwekwe hapo, na usiwekwe kwenye mfuko wa suruali ya mpigaji, kwa kuwa mikono mingi inapotelea hapohapo. Ndiyo maana magitaa mengi yaliyotumika, ukiyaona yakiuzwa, yana tundu tupu.

Na kupotea kwake kuna gharama ambayo kamati huigundua ikiwa imechelewa. Mikono haifanani. Ile ya Fender ya Marekani hutumia hesi za kipimo cha inchi, na magitaa mengi ya Asia hutumia za milimita 5 au 6. Kwa macho zinakaribiana kabisa. Anayetumwa Nairobi kununua mkono mwingine bila kubeba gitaa, au angalau mkono wa zamani, anaweza kurudi na usioingia, au, vibaya zaidi, unaoingia nusu na kuharibu tundu. Tundu likishachakaa kidogo na mkono unacheza, ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, mzunguko mmoja au miwili juu ya hesi, inausimamisha vizuri.

Huenda mzee mmoja akasema muziki wetu haukuhitaji fimbo hiyo. Ana hoja, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema hapo jirani mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, hakusifiwa kwa mkono wa tremolo. Daniel Kamau wa Gatanga, aliyetoa rekodi zake za kwanza mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi na baadaye akauingiza mtindo wa benga katika muziki wa Kikuyu, alijenga urithi wa gitaa linalomjibu mwimbaji neno kwa neno, na kazi hiyo ni ya vidole. Mpigaji wa mugithi anayekesha peke yake jukwaani mara nyingi ana gitaa la mbao lenye waya wa umeme, ambalo halina mtambo huu kabisa.

Lakini vijana wa kwaya wa leo wanajifunzia kwenye simu. Wamesikia sauti ile inayoyumba katika nyimbo za kuabudu, na wameipenda. Upendo wa namna hiyo una ukoo: mwaka 1959 Hank Marvin wa The Shadows alipata Stratocaster kutoka Marekani, miongoni mwa za kwanza kufika Uingereza, na jinsi alivyoushika mkono wake iliwafanya vijana wa nchi ile wayatafute magitaa hayo kwa hamu. Vijana wa Mathioya wana haki ya hamu hiyohiyo. Wanachohitaji kwa wazee wao ni chombo kinachokaa kwenye sauti. Na hata kanisa lisilotaka mkono utumike kamwe bado lina mtambo wote ndani ya gitaa, na springi, na daraja linaloelea. Kwa kanisa hilo ushauri ni rahisi zaidi: mkono utolewe leo, ufungwe, uwekewe alama, na usipotee, kwa sababu gitaa likiuzwa au kupewa mwingine siku moja, litakuwa kamili.

Shule zina haraka yake. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, linaendelea kuwatoa wanafunzi mabondeni na kuwapandisha majukwaani, na mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya sekondari ya juu. Vyombo vitanunuliwa. Kalenda ya shule nayo inavilaza vyombo hivyo wakati mbaya kabisa: likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaanza mvua zikiwa bado zinanyesha, na stoo inafungwa kwa wiki nyingi bila mtu kufungua dirisha. Gitaa lililofungiwa na mkono wake mwezi wa Novemba halifunguliwi hadi Januari. Mwalimu wa muziki akihamishwa katikati, na huhamishwa, anayekuja anakabidhiwa ufunguo na kasha asilolijua, na hakuna karatasi inayomwambia mkono uko wapi.

Kuna mfano wa karibu wa jinsi kitu kinavyookolewa na mtu mmoja aliyejitwika. Mjukuu wa Kamaru, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile na anayejulikana kwa jina la KMRU katika sanaa ya sauti huko Berlin, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake ili zisikike tena. Kazi hiyo inategemea jambo moja la kawaida: kwamba kanda na santuri zilikuwepo, mahali fulani, zikiwa bado zinachezeka. Zingeachwa ziote ukungu, jina kubwa la babu lisingezirudisha.

Kwa hiyo barua hii inaomba kamati zenu ziweke gitaa kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla mvua za Machi hazijaanza. Mpigaji aitwe, aje nalo. Kasha lifunguliwe mezani mbele ya wajumbe na mkono utolewe pale. Ukiwa umeshikwa na kutu, upakwe mafuta na kusubiriwa siku moja au mbili kabla ya kushikwa kwa koleo; ukiwa umekatika, gitaa lenyewe lipelekwe kwa fundi wa magitaa, wala kisitumwe kipande ndani ya bahasha. Likiwa na begi jembamba, harambee ijayo ianze na kasha gumu na mkono wa akiba kabla ya kufikiria spika nyingine. Kisha katibu aandike katika kumbukumbu za siku hiyo namba ya gitaa, mahali mkono unapowekwa, jina la anayelitunza na la atakayeshika kazi hiyo yeye akihama, na nakala moja ibandikwe ndani ya kifuniko cha kasha.